Mahali pa Sauti

Watu wengi hudhani kuwa sauti ni mali ya chombo kinachoitoa. Ngoma ikilia vizuri, husifiwa ngoma. Redio ikilia vibaya, hulaumiwa redio. Mimi nami nilikuwa miongoni mwa watu hao, mpaka siku mama yangu aliponifunza kuwa sauti ina wazazi wawili: chombo kinachoitoa, na mahali inapotolewa. Somo hilo nililipata nyumbani kwetu Kinna, katika kaunti ya Isiolo, na lilikaribia kunigharimu mitamba miwili wakati wa ukame. Kwa hiyo naona ni haki kumsimulia msomaji kijana, apate faida yake bila ya kulipa gharama yake.

Kinna ni mji mdogo wa joto na mavumbi, karibu na mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Meru. Upande wa machweo huonekana Milima ya Nyambene, yenye ubichi usiotufikia sisi tulio chini. Wakazi wake wengi ni Waborana, watu wa ng'ombe, mbuzi na ngamia. Zamani nyumba ya Mborana ilijengwa na mwanamke kwa mikono yake: fito zilizopindwa, kisha mikeka, nyasi na ngozi juu yake, na watu wakihama, nyumba ilivunjwa ikapakiwa juu ya ngamia. Mama yangu alijenga nyumba nyingi za namna hiyo. Sasa anakaa katika nyumba ya mawe, yenye sakafu ya saruji, madirisha ya vioo na paa la mabati, ambayo mimi na ndugu yangu tulimjengea kwa fahari kubwa.

Baba yetu alifariki mwaka 2009. Urithi aliotuachia ulikuwa mifugo michache na kanda tatu za kaseti. Mwaka 1996 aliazima redio ya jirani yenye kinasa sauti, akakaa mbele yake jioni tatu, akasimulia yale aliyoyajua: visima na mabwawa ya nchi yetu, njia za kuhamia wakati wa kiangazi, na orodha ya mababu zetu mmoja baada ya mwingine. Alisimulia pia vita vya shifta vya mwaka 1963 hadi 1967, vilivyowaacha Waborana wengi wa Isiolo bila ya mifugo yao. Hakuna aliyeyaandika mambo hayo. Kama kanda zile zingeharibika, yangekuwa yamezikwa mara ya pili.

Katika mwaka 2022 nilinunua spika mbili kubwa za kusimama sakafuni. Aliyeniuzia alikuwa mtumishi aliyekuwa akihama kutoka mji wa Isiolo, naye hakutaka taabu ya kuzichukua. Kila moja ilikuwa na kimo cha mita moja na uzito wa mbuzi mzima. Mbele yake kila moja ilikuwa na vinywa vitatu: viwili vipana vya sauti nzito, na kimoja kidogo, juu kabisa, cha sauti nyembamba. Pamoja nazo alinipa kikuza sauti na chombo cha kuchezea kaseti. Nilizisafirisha hadi Kinna kama mtu aletaye bibi harusi.

Sebule yetu ina urefu wa mita 5 na upana wa mita 4. Nilizipanga spika kama watu wengi wanavyopanga vyombo vya nyumbani, yaani kwa kufuata macho. Moja niliisukuma mpaka ndani ya pembe ya chumba, nyuma ya mkono wa kochi. Ya pili niliibana katika pembe nyingine, kando ya kabati la vyombo. Kiti cha mama nilikiegemeza ukuta wa mbele yake. Katikati ya chumba pakabaki peupe, pazuri kwa wageni.

Sikukuu ya Idi ilipowadia, jamaa walikusanyika kusikiliza maneno ya marehemu. Mpwa wangu, mwanafunzi wa sekondari, alishika daftari na kalamu ili aandike orodha ya mababu. Niliweka kanda, nikafungua sauti. Chumba kizima kilijaa ngurumo. Kioo cha dirisha kililia, mabati yakajibu. Sauti ya baba ilikuwa kubwa kuliko alivyokuwa nayo katika uhai wake, lakini maneno yake yalikuwa kama mawe yaliyo chini ya maji ya tope: unajua kuwa yapo, na huwezi kuyahesabu. Mpwa wangu aliandika, akafuta, akaandika tena. Wazee wakatazamana.

Mama alisikiliza kwa muda, kisha akasema kwa Kiborana, "Huyo si baba yenu. Baba yenu alikuwa na maneno. Huyu ana ngurumo tu."

Neno hilo lilinichoma. Usiku ule ndugu yangu mdogo alinishauri. "Kaka," alisema, "kikuza sauti hiki kimechoka, hakina nguvu. Tuuze mitamba miwili tununue kingine chenye nguvu maradufu."

Msomaji akumbuke hali ya nchi wakati ule. Ulikuwa ukame mkubwa uliodumu tangu mwaka 2020 hadi 2023, na misimu ya mvua ilikatika mmoja baada ya mwingine. Ng'ombe walikonda mpaka bei yao ikawa ya kutia huzuni, na mitamba iliyosalia kwetu ilikuwa minne. Hata hivyo, nilikubali. Aibu ina nguvu ya kumfanya mtu auze kesho yake ili aifunike jana yake.

Asubuhi tulimwarifu mama. Hakukasirika. Aliuliza tu, "Mtu akisema usimwelewe, humwambia apige kelele zaidi?"

Tulinyamaza. Akaendelea, "Nyumba niliyowazalia niliijenga mwenyewe. Usiku baba yenu alikuwa akinong'ona upande wa pili wa moto, nami nikasikia kila neno. Katika nyumba hii ya mawe hata mimi nikisema, neno langu hunirudia usoni. Jana alikuwa akisema baba yenu, na nyumba ilikuwa ikisema juu ya maneno yake. Inyamazisheni nyumba kwanza."

Nilisimama katikati ya sebule, nikapiga kofi moja. Kofi halikufa mara moja. Liliacha mkia wa mlio mkavu uliokimbia baina ya kuta. Nikatoka nje hadi zizini, nikapiga kofi jingine. Lilikufa papo hapo. Nawasihi wanafunzi wafanye jaribio hili, kwanza katika darasa tupu, kisha uwanjani. Litawafunza kwa dakika moja jambo ambalo mimi niliishi miaka mingi bila ya kulitambua.

Sababu yake ni hii. Sauti ni mtetemo wa hewa, nayo husafiri kwa mwendo wa karibu mita 343 kwa sekunde hewa inapokuwa na joto la digrii 20. Ikikutana na saruji, jiwe au kioo, sehemu kubwa yake hurudi, kama mpira uliotupwa ukutani. Ikikutana na manyoya, nyasi au nguo nene, hupotelea humo, au hupenya ikaenda zake. Nyumba ya mikeka na ngozi huimeza sauti. Nyumba ya mawe huirudisha tena na tena. Ikirudi upesi, ndani ya sehemu chache za mia za sekunde, sikio huiunganisha na ile ya kwanza, na neno hupata nguvu. Mwambao wetu una mfano mzuri: katika msikiti imamu huelekea kibla na kuwapa waumini mgongo, lakini mihirabu iliyo mbele yake humrudishia sauti kwa waliosimama nyuma. Mihirabu ya msikiti wa Kizimkazi, kule Unguja, ina maandishi ya mwaka 1107. Sauti ikiendelea kurudi kwa muda mrefu, mambo hugeuka: mkia wa neno la kwanza hulifunika neno la pili.

Nacho kifunikwacho kwanza ni konsonanti. Irabu ni ndefu na zina nguvu. Konsonanti ni fupi na dhaifu, lakini ndizo zinazobeba maana. Fikiri juu ya maneno pata, kata na tata. Irabu zake ni zile zile. Kinachoyatenga ni mlio mdogo wa mwanzo, unaopita upesi kuliko kupepesa jicho. Chumba kikiufuta mlio huo, msikilizaji hubaki na a-a, naye hulazimika kukisia.

Jambo hili si geni duniani. Mwaka 1895, katika Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, mwalimu kijana wa fizikia aitwaye Wallace Sabine alipewa kazi ya kuutengeneza ukumbi wa mihadhara ambao maneno yake hayakueleweka. Neno lililotamkwa humo lilidumu hewani kwa zaidi ya sekunde tano. Sabine aliazima mito ya viti kutoka katika ukumbi mwingine, akaiingiza kidogo kidogo wakati wa usiku, na kila mara akapima kwa saa muda wa sauti kufa. Hivyo aligundua kanuni inayotumika hata leo: chumba kikiwa kikubwa, sauti hudumu, vitu vinavyoimeza vikiongezeka, hufa upesi. Baadaye alitoa ushauri katika ujenzi wa ukumbi wa muziki wa Boston, uliofunguliwa mwaka 1900 na kusifiwa mpaka sasa. Sikuwa na mito ya Harvard, lakini ghalani mlikuwa na mikeka minene ya nyumba ya zamani ya mama, ambayo hakutaka kuitupa.

Kabla ya mikeka, hata hivyo, ilitupasa kuondoa kosa langu la kwanza, nalo ni la pembe. Spika iliyo pembeni ina kuta mbili na sakafu zinazoikusanya sauti yake nzito na kuisukuma mbele, kama pembe ya baragumu. Zaidi ya hayo, kila chumba kina sauti zake kipendacho. Hesabu yake ni nyepesi. Sauti ikivuka chumba cha upana wa mita 4 na kurudi, imekwenda mita 8. Gawanya 343 kwa 8, utapata karibu 43. Basi mtetemo wa mara 43 kwa sekunde hujikuta ukikutana na mwenzake kila unaporudi, nao hupandana na kuvimba. Ndivyo pia ilivyo kwa mara mbili yake, 86, na mara tatu yake, 129. Sauti ya mwanamume anaposema huwa na msingi wake, kwa kawaida, baina ya mitetemo 85 na 155 kwa sekunde. Kwa hiyo sebule yetu ilichagua baadhi ya sauti za baba ikazinenepesha, na zilizobaki ikaziacha na njaa. Pembeni ndiko mitetemo hiyo yote huamshwa kwa nguvu zaidi. Na msikilizaji aliyeegemea ukuta huipokea ikiwa imevimba kabisa. Kikuza sauti chenye nguvu maradufu kingelinenepesha kosa hilo hilo maradufu.

Tulianza kazi baada ya sala ya alasiri. Spika tulizitoa pembeni tukaziweka mbele ya ukuta mfupi, kila moja mita 1 kutoka ukuta wa nyuma yake na sentimita 90 kutoka ukuta wa ubavuni. Kati yake pakabaki mita 2.2. Mahali hapo pana faida: mtetemo wa 86 una nguvu kidogo sana karibu na robo ya upana wa chumba, na spika iliyosimama hapo haiuamshi sana.

Kisha tulichukua kamba ya kufungia ndama, tukapima kwayo umbali ulio baina ya spika mbili, na kwa kipimo hicho hicho tukatafuta mahali pa msikilizaji, sawasawa kutoka kila spika. Ikapatikana pembetatu ya pande tatu zilizo sawa. Mahali hapo palikuwa mbele kidogo ya ukuta wa nyuma, kama mita 2, wala hapakuwa katikati kabisa ya urefu wa chumba, ambapo baadhi ya sauti nzito hufifia. Spika tuliziinamisha nyuso ndani kidogo, zimtazame msikilizaji. Kinywa kidogo cha juu hutupa sauti nyembamba mbele yake kama mwanga wa tochi, na asiyekuwa katika njia yake hukosa konsonanti. Kwa hiyo tuliondoa kiti kirefu tukaweka kigoda, masikio ya mama yapate kulingana na kinywa hicho. Chini ya spika moja iliyokuwa ikiyumba tuliweka vijiwe bapa, na kioo cha dirisha tukakikaza kwa karatasi.

Mwisho tulifika kwenye kuta. Mpwa wangu aliteleza kioo cha kujitazamia juu ya ukuta wa ubavuni, nami nikakaa juu ya kigoda. Kila nilipoiona spika ndani ya kioo, nilisema, "Simama!" maana mwanga na sauti nyembamba huruka ukutani kwa kanuni moja, na pale ninapoiona spika ndipo sauti yake inaponirukia. Mahali hapo, kulia na kushoto, tulitundika mikeka ya mama, tukiacha nafasi ya vidole vinne baina ya mkeka na ukuta. Sakafuni tulitandika zulia, na ukutani nyuma ya kigoda tukatundika mablanketi mawili. Nikapiga kofi. Lilikufa kama kofi la zizini, au karibu na hivyo.

Gharama ya kazi yote ilikuwa misumari.

Mama alikaa juu ya kigoda chake. Niliweka kanda ile ile, kwa kikuza sauti kile kile, na sauti nikaifungua nusu ya ile ya Idi. Baba alikohoa kidogo, kama ilivyokuwa desturi yake kabla ya kusema. Halafu akasema.

Sauti haikutoka katika spika ya kulia wala ya kushoto. Ilisimama katikati, juu ya zulia, mahali pasipo na chombo chochote. Sikio la mwanadamu hujua upande wa sauti kwa kulinganisha nguvu yake, na wakati wa kufika kwake, katika sikio la kulia na la kushoto. Tofauti ya wakati huo ni chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Spika mbili zikisema neno moja kwa pamoja, kwa umbali ulio sawa, tofauti hutoweka, na akili huamua kuwa msemaji yuko katikati. Mwingereza Alan Blumlein alijenga juu ya elimu hiyo alipotafuta hakimiliki ya mbinu zake za sterio mwaka 1931. Hayo niliyasoma baadaye. Jioni ile nilichokiona ni mama akitazama mahali pale patupu, akivuta ushungi wake vizuri, kama mwanamke ambaye mumewe ameingia nyumbani na wageni wapo.

Baba alifika kwenye orodha ya mababu. Mpwa wangu alisoma daftari lake kwa sauti ya chini ili alinganishe. Alipofika jina la sita, mama aliinua mkono. "Umeandika Dida," alisema. "Rudisha." Nilirudisha kanda. Safari hii sote tulisikia: Diba. Ni majina mawili ya kawaida kwetu, nayo yametengwa na konsonanti moja. Siku ya Idi chumba kilikuwa kimeila konsonanti hiyo, nasi tulikuwa tayari kumwandika mtu mwingine kuwa babu yetu, na wajukuu wetu wangemrithi bila ya shaka yoyote. Mpwa wangu alikata jina moja, akaandika jingine, mkono wake ukitetemeka kidogo.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Sisemi kuwa chombo kipya hakifai. Kipo kinachofaa, na iko siku yake. Nasema tu kwamba mtu asikihukumu chombo kabla ya kukitazama mahali kilipowekwa. Mbegu njema juu ya mwamba huonekana mbovu. Mwanafunzi aliyeketi nyuma ya darasa lenye mwangwi huitwa mzito wa akili, na yamkini shida yake ni ukuta. Kabla hujauza ulicho nacho ili upate kilicho kikubwa zaidi, kisogeze hatua moja kutoka pembeni, kisha usikilize tena.

Mitamba haikuuzwa. Ukame ulimchukua mmoja, watatu walibaki. Mwezi wa Machi mwaka 2023 tulikuwa tumeketi jioni, mpwa wangu akinakili kanda ya tatu, baba akitaja visima vya upande wa mashariki. Tone moja likagonga bati, halafu jingine, halafu yote kwa pamoja, na nyumba ikajaa mshindo ambao hakuna mkeka wala zulia linaloweza kuuzuia. Sauti ya baba ilipotea kabisa. Niliinuka niongeze sauti, lakini mama alinizuia kwa mkono.

"Zima," alisema. "Hata yeye angenyamaza aisikilize."